Kitanda na kabati la kudumu kwa laki tisa, Mtwara mjini: nianze na nini, nikague nini?

#1 Kuchele_Ligula
Habari za jioni wakuu. Nahamia chumba na sebule, Ligula. Chumba cha kulala ni futi 11 kwa 10, mlango wake upana sentimita 80. Bajeti ni laki tisa. Nataka kitanda cha 5 kwa 6, kabati la nguo, na ikibaki chenji kameza ka pembeni. Godoro nitanunua kwa hela nyingine, inchi 8. Madukani naona vitanda vinavyong'aa na makabati ya bodi yenye kioo, barabarani kuna mafundi. Sitaki kitu cha kunirudisha sokoni baada ya miaka miwili. Wanaozijua mbao nisaidieni: mti gani, unene gani, na nikague nini kabla ya kutoa hela. Vitu navihitaji kufikia mwisho wa mwezi wa kumi.

#2 Randa_na_Msasa
Kitanda kwanza. Ndicho kinachobeba uzito kila usiku, na ndicho kinachovunjika. Fungu kubwa liende huko, kabati lije kwa awamu, meza ya pembeni isubiri. Stuli inafanya kazi hiyo hiyo.

Halafu hiyo tarehe yako. Mwisho wa mwezi wa kumi minada ya korosho inakuwa imeshaanza, na kila mwenye hela mpya anataka kitanda. Fundi anapokea oda nyingi kuliko mikono aliyonayo, mbao inaingia kwenye randa bado ina maji. Toa oda mwezi wa nane, ukichelewa sana mwanzoni mwa mwezi wa tisa.

Miti sasa. Mninga ndio chaguo la kwanza kwa kitanda na kabati: hausinyai sana ukikauka, haupindi ovyo, unakubali randa na skrubu, na moyo wake, yaani mbao ya ndani ya gogo, mchwa hawaupendi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Unafaa miguu na mbavu (zile mbao ndefu za pembeni mwa kitanda), ila lazima utoboe kwanza kabla ya skrubu, la sivyo skrubu inakatika shingo ikiwa ndani. Vinyweleo vyake vina unga wa manjano ambao ukipata unyevu unaweza kuacha doa kwenye nguo nyeupe, kwa hiyo rafu za mkongo zipigwe vanishi kabla ya kupangwa nguo. Mpangapanga, ule wa rangi ya giza wenye mistari myembamba, ukiupata mkavu kwa bei inayoeleweka usiuache. Mvule hauna lawama ila kuupata ni shughuli. Msaji wa mashamba ukiwa mchanga una weupe mwingi, chukua moyo tu.

Paini kutoka Iringa ni nafuu na imenyooka. Iweke kwenye chaga na sehemu za ndani za kabati, usiifanye mbavu za kitanda. Na usinunue ile ya kijani iliyotiwa dawa kwa ajili ya kupaua. Dawa hiyo mara nyingi ni ya shaba, kromi na aseniki, haina kazi chumbani na vumbi lake likipigwa msasa ni sumu.

Mwembe na mkorosho ni chakula cha wadudu. Mnazi ganda la nje ni gumu, katikati ni laini. Unahitaji fundi anayeujua, na hao ni wachache.

#3 Newala_Juu
Fundi kaeleza vizuri, naongezea jambo ambalo linawatia watu hasara kuliko jina la mti. Gogo la mninga lina sehemu mbili. Ndani kuna moyo, kahawia hadi wekundu. Nje kuna weupe, rangi ya krimu au manjano hafifu. Sifa zote alizotaja fundi ni za moyo. Weupe hauna dawa ya asili, una wanga, na wadudu wadogo wanaotoa unga laini wanaingia humo bila kujali kwamba mti unaitwa mninga. Ndiyo maana mtu analalamika "nimeuziwa mninga feki" kumbe mninga ni halali, ila theluthi ya ubao ni weupe uliopakwa steni ya kahawia.

Kwa kitanda, kubali weupe usiozidi upana wa kidole kwenye kona moja ya ubao, na kona hiyo igeuziwe ndani au chini. Kwenye miguu usikubali hata kidogo, hasa inchi 6 za chini zinazokaa karibu na sakafu.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao mbichi ikiunganishwa, ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa kuingia kwenye mguu) unasinyaa ndani ya tundu lake, gundi inaachia, kitanda kinaanza kulia. Hilo halirekebishwi kwa kukaza. Ukisikia kitanda kipya kinalia baada ya miezi mitatu au minne, karibu kila mara sababu ni hiyo.

#4 Kuchele_Ligula
Asanteni sana. @Newala_Juu nitajuaje mbao ni kavu bila kipimo? Muuzaji yeyote atasema "hii kavu bosi".

#5 Newala_Juu
Ipo njia ya mizani, haidanganyi. Omba kipande, usikikate nchani kwa sababu ncha hukauka mapema. Ingia ndani futi 1 kutoka nchani, kata kipande chembamba cha unene wa inchi 1, pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kiweke kwenye oveni ya umeme nyuzi 100 hivi, pima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, kilichobaki gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 115 kikishuka hadi 100, unyevu ni asilimia 15. Huku pwani asilimia 12 hadi 15 ni nzuri, kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu na mbao itatulia hapo hapo. Ikisoma 25 iache.

Kama huna oveni, pima kipande, kiweke kivulini penye upepo wiki nzima, pima tena. Kikipungua zaidi ya gramu 2 katika kila 100, mbao bado.

Za haraka haraka: mbao mbichi ukiigusa na shavu ina ubaridi, ukiigonga sauti yake ni nzito na fupi, na vumbi la msumeno linashikana ukilifinyanga. Hizi ni dalili tu, usizitolee laki.

Kukausha mwenyewe kwa tarehe yako haiwezekani kwa mbao nene. Mbao ngumu ya inchi 1 inayokaushwa kwa upepo tu huchukua karibu mwaka tangu kupasuliwa, ya inchi 2 zaidi ya hapo. Kwa hiyo unanunua iliyokwisha kukaushwa. Ukikosa ya inchi 2 iliyokauka, kuna ujanja halali: chukua za inchi 1 kavu, ziranda, zigundishe mbili mbili uso kwa uso kwa klampu kila inchi 8. Mbavu ya namna hiyo haipindi, na ukaguzi wake ni rahisi kwa sababu unaona nyuso zote nne kabla ya kugundisha.

#6 Mbao_Halali
Tusisahau karatasi. Mbao ya msitu wa asili iwe na alama ya nyundo (ile ya misitu inayogongwa kwenye mbao), na muuzaji awe na risiti na hati ya kusafirishia. Siyo suala la sheria tu. Mbao ya magendo inauzwa upesi kabla haijakamatwa, haikai ghalani kukauka. Ndiyo maana bei yake ni tamu na ndiyo maana inapinda. Na kama kuna siku utahamisha vitu kwenda Dar, tunza risiti ya fundi na uliza ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya kabla hujapakia. Usisubiri geti likuulize wewe.

#7 Randa_na_Msasa
Sasa orodha ya kitanda cha 5 kwa 6. Nakili hii uende nayo. Lakini kwanza nunua godoro, ulipime kwa futi kamba. Yapo yanayouzwa kama 5 kwa 6 yana urefu wa inchi 72, mengine 75. Hesabu hizi ni za inchi 60 kwa 72, na nimeacha nafasi ya inchi 1 kwenye upana na inchi 1 kwenye urefu, yaani ndani ya kitanda iwe 61 kwa 73.

Miguu: inchi 3 kwa 3, kipande kimoja cha futi 12. Unatoa miwili ya inchi 48 ya kichwani na miwili ya inchi 22 ya miguuni. Jumla 140. Zile inchi 4 zinazobaki ni njia ya msumeno na kunyoosha ncha. Fundi akikuambia atatoa miguu ya mbele futi 2 kamili kwenye kipande hicho hicho, mwambie apige hesabu upya.

Mbavu: 2 kwa 8, vipande viwili vya inchi 74, ambapo nusu inchi kila ncha inaingia kwenye mguu ili ubavu usizunguke. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Ubao wa futi 12 una inchi 144, mbavu mbili zinataka 148. Fundi asiyetaka kununua ubao wa pili anafupisha mbavu ziwe 71, godoro linaingia kwa kusukumwa na linatengeneza tumbo katikati. Nunua mbili za futi 7. Mabaki ya inchi 10 kila moja yanatengeneza mguu wa katikati.

Mbao za kulala, yaani za kukingama kati ya mguu na mguu, za kichwani na miguuni: 2 kwa 6, tatu za kichwani, mbili za miguuni, kila moja inchi 62 pamoja na ndimi. Tano za futi 7, au tatu za futi 12.

Kibao cha kushikilia chaga: 2 kwa 2, viwili vya inchi 71, kinatoka kwenye kipande kimoja cha futi 12. Kigundishwe na kufungwa skrubu za inchi 3 kila inchi 8. Kikipigwa misumari peke yake, siku mtoto akirukia kitanda kinang'oka.

Mhimili wa kati: 2 kwa 4, inchi 72, ukiwa umesimama wima kwa upana wake, na mguu katikati kabisa, inchi 36. Kitanda chochote kuanzia futi 5 bila mhimili huu chaga zitapinda.

Chaga: 12 za 1 kwa 4. Zikipangwa kwenye inchi 72 nafasi inabaki inchi 2 na kidogo, ndiyo inayotakiwa kwa godoro la sponji. Nafasi ikizidi inchi 3 sponji inazama katikati ya chaga na kukatika kwa chini. Mbao za futi 12 sita zinatosha. Kitanda cha 6 kwa 6 nacho kinatumia sita hizo hizo, cha futi 5 kinabakiza vipande vya futi 2 ambavyo vinafaa rafu.

Kiungo cha mbao za kulala na mguu ni tundu na ulimi. Ulimi unene theluthi ya ubao, urefu inchi 1 na nusu, ukazwe kwa kijiti cha mbao ngumu kinachopita katikati. Ubavu na mguu ufungwe kwa bolti za milimita 10, urefu inchi 6, mbili kila kona, na washa pana ndani. Kitanda cha bolti unakifungua ukihama, cha misumari unakivunja.

Vipimo vyote vya unene ni kabla ya randa. Mbao iliyopasuliwa kwa chenso ina mawimbi, ya inchi 2 ikirandwa inaweza kubaki 1 na nusu. Kubaliana kwa maandishi unene *baada* ya randa: mbavu zisipungue inchi 1 na robo tatu, miguu isipungue 2 na robo tatu.

#8 Bi_Shangani
Wanangu mmesahau chandarua. Mtwara hii unatengeneza kitanda bila nguzo za chandarua, kesho unapigilia misumari ukutani na kamba nne zinakatiza chumba. Mwambie fundi atoboe tundu la inchi 1 juu ya kila tendegu, kina inchi 3, upachike nguzo za kuchomoa. Urefu wa nguzo kutoka juu ya godoro uwe inchi 55 hivi, ili mtu akikaa kitandani kichwa kisisukume wavu. Juu ziunganishwe kwa vijiti vinne, chandarua cha mstatili kinavaa vizuri na kinaingia chini ya godoro pande zote. Miguuni lazima tendegu liwe nene ya kutosha kutobolewa, ndiyo maana hiyo 3 kwa 3 isipunguzwe.

Na nafasi ya chini ya kitanda iwe inchi 10 walau. Fagio lipite, mwanga uingie, uone mchwa wanapopanda.

#9 Chuma_Chikongola
Mbona chuma hakitajwi? Kwa bajeti hiyo kitanda cha chuma kinabakiza hela ya kabati. Bomba la mraba la inchi 1 na nusu, unene milimita 1.5 kwa miguu na mbavu, 1.2 kwa nakshi na mhimili. Hakina mchwa.

#10 Randa_na_Msasa
Hakina mchwa, kina chumvi. Sikatai chuma, lakini mwambie ukweli wote. Karibu na bahari, Shangani au Mikindani, kutu inaanza kwenye weldi kabla ya sehemu nyingine, kwa sababu gamba la weldi halikugongwa na kusafishwa kabla ya rangi. Aangalie weldi iwe imezunguka bomba lote, si nukta mbili za kushikiza. Ncha za chini zifungwe kwa raba, maji ya deki yasipande ndani ya bomba. Rangi ya kwanza iwe redioksaidi, ile ya kuzuia kutu, mbili juu. Na bomba la milimita 1 kwa kitanda cha watu wawili linapasuka pembeni ya weldi, si kwenye weldi yenyewe, kwa hiyo fundi atakuambia "weldi yangu nzima" na atakuwa sahihi. Atazame ncha ya bomba iliyokatwa kabla ya kuchomelewa, unene unaonekana, na kalipa ndogo ya kupimia unene inamaliza ubishi.

#11 Chuma_Chikongola
Hapo kwenye gamba la weldi umesema kweli. Kwa mpangaji anayehama hama bado nasimamia chuma. Cha kuchomeka, kisiwe cha kuchomelewa chote.

#12 Mitwero_Lindi
Naingia kwenye kabati, maana hali ya hewa ya Lindi na Mtwara ni moja. Kaka, kwa hela itakayobaki usitafute kabati la mbao tupu la milango mitatu. Tengeneza kiunzi kizuri sasa, weka pazia la kitenge, milango uje kuifunga msimu ujao. Fundi akijua tangu mwanzo ataacha nafasi za bawaba.

Vipimo: upana futi 4, urefu futi 6 na nusu, kina inchi 23 kwa nje. Henga ya kawaida ina inchi 17 hivi, kina kikipungua inchi 21 mlango hautafunga, mabega ya koti yanazuia. Gawa mara mbili. Upande mmoja wa kutundika: inchi 60 kwa kanzu, gauni na buibui, mashati peke yake yanataka 40. Bomba la kutundikia liwe la inchi 1, likizidi urefu wa futi 3 bila nguzo linapinda. Upande wa pili rafu tano.

Rafu za chipbodi ya milimita 18 zisizidi sentimita 60 bila egemeo. Zikiwa 80 zinashuka katikati, na hata ukizigeuza hazirudi. Plaiwudi ya unene huo inavumilia 80.

Ukungu ndio adui namba moja. Kabati lisimame kwenye miguu ya inchi 4, liachane na ukuta inchi 2, na mgongo utobolewe matundu manne ya inchi 1 chini na manne juu, yafunikwe wavu wa mbu. Hewa baridi inaingia chini, inatoka juu. Mgongo wa plaiwudi ya milimita 6, ya 4 inajikunja msimu wa mvua. Na usiegemeze kabati kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala unaopakana na bafu.

Bawaba tatu kila mlango wa futi 6, za shaba au chuma kisichoshika kutu. Hizi za bei rahisi zinazong'aa zikikaa miaka michache kwenye hewa ya bahari pini inaganda, na mlango unang'oa skrubu.

Mlango wako wa sentimita 80 ni inchi 31 na nusu, kabati la kina cha 23 linapita kwa ubavu. Tatizo litakuwa korido kama ina kona. Liungwe kwa bolti: juu, chini, mbavu mbili, mgongo. Vipande vitano vinapita popote.

#13 Kuchele_Ligula
Hii ya pazia nimeipenda, hela inapumua. Swali: yale makabati ya bodi yenye kioo, yanayokuja yamefungwa kwenye boksi, ni mabaya kiasi hicho?

#14 Mitwero_Lindi
Si mabaya kwa chumba kikavu na mtu asiyehama. Bodi ya chembe za mbao ikinyonya maji inavimba kwenye ncha na hairudi. Maji yanaingia kwa chini, unapodeki, pale ambapo plastiki ya pembeni haikuzunguka. Na skrubu inashika mara moja tu: ukilifungua kuhama na kulifunga tena, tundu limeshakuwa unga. Ukilazimika kununua, siku ya kwanza paka vanishi ncha zote za chini mara tatu, liweke juu ya vipande vya mbao vya inchi 2, na wakati wa kufunga tia gundi nyeupe kwenye kila tundu la kijiti. Gundi ikishakauka usiliguse.

#15 Dada_Masasi
Kuna njia ambayo haijatajwa: vitu vya watumishi wanaohama. Mwisho wa mwaka wa fedha na baada ya uhamisho kutangazwa, mtu anaharakisha kuuza kuliko kulipia lori. Kitanda cha mninga kilichokaa miaka 10 kimeshakauka na kimeshaonyesha tabia yake, hakuna mshangao ndani.

Ukague hivi. Kitikise kwa kichwa chake, si kwa kukaa juu. Kikicheza, fungua bolti moja utazame: kama tatizo ni bolti kulegea, nunua. Ulimi ukiwa umevunjika ndani ya mguu, punguza bei nusu au achana nacho. Kiinue, tazama chini ya mbavu na nyuma ya kichwa, sehemu ambazo vanishi haifiki. Matundu ya milimita 1 au 2 yasiyotoa kitu ni ya zamani. Gonga kwa nyundo juu ya gazeti, ukidondoka unga mpya wadudu wako kazini. Ukiona vinyesi vigumu vidogo kama punje za ulezi, hao ni mchwa wa mbao kavu, hawahitaji udongo, na wanaweza kuhamia kwenye kabati lako jipya. Usikipeleke nyumbani.

Kunguni wanakaa kwenye viungo na kwenye matundu ya skrubu. Fungua kitanda chote nje, mwagia maji yanayochemka kila kiungo na kila tundu, anika juani siku nzima, na rudia baada ya wiki 2 kwa ajili ya mayai. Ukishamaliza ndipo upige vanishi mpya.

#16 Kuchele_Ligula
Nimeambiwa kuna mbao za mwembe bei chee kabisa, mbichi. Haziwezi kutiwa dawa nyumbani? Hata kwa chaga na rafu tu.

#17 Newala_Juu
Zinawezekana, na ubichi hapo ni faida kwa sababu dawa inasafiri ndani kupitia maji ya mbao. Gramu 600 za boraksi, gramu 400 za asidi ya boriki, koroga kwenye lita 9 za maji ya moto hadi viyeyuke. Mbao za inchi 1 zilizopasuliwa juzi, zikiwa zimesafishwa maganda, zizamishe dakika 10, zipange moja juu ya nyingine, zifunge na nailoni nzito zisipitishe hewa, ziache kivulini wiki 4. Baadaye zifungue, zipange kwa vijiti vya inchi 1 kila futi 2, zikauke. Hapo tena ni miezi. Vaa glavu, na maji yanayobaki yasimwagwe karibu na kisima wala bustani.

Dawa hii haina harufu na inafaa ndani ya nyumba, lakini maji huiondoa. Kwa hiyo si ya kitanda cha kuweka barazani. Na haitaongeza nguvu ya mwembe: rafu sawa, chaga hapana kwa watu wazima wawili. Wale wanaopaka oili chafu, hiyo ni ya nguzo za uzio. Chumbani inanuka na vanishi haishiki juu yake.

#18 Bi_Shangani
Oili chafu chumbani! Mashuka yote utayatupa.

#19 Randa_na_Msasa
Nije kwenye makubaliano, maana hapo ndipo hela inapopotelea. Usimpe fundi hela ya mbao mkononi kisha ukarudi siku ya kuchukua. Nendeni pamoja, lipa mbao mwenyewe, weka alama yako kwa rangi kwenye ncha na katikati ya kila ubao. Ufundi lipa kwa mafungu matatu: la kwanza mbao zikisharandwa, la pili kitanda kikisimama bila gundi, la mwisho ukishakichukua.

Ukaguzi ule wa pili ndio wa maana. Kitanda kikiwa kimesimama kikavu, hakijagundishwa, pima mshazari kona kwa kona mara mbili. Ikitofautiana zaidi ya robo inchi hakijakaa mraba. Chomoa ulimi mmoja: uingie kwa kugonga kidogo kwa mkono au nyundo ya mbao. Ukiingia wenyewe ni mwembamba, fundi atajaza vumbi la mbao na gundi, na mchanganyiko huo haushiki chochote. Tafuta mafundo kwenye mbavu, hasa ukingo wa chini, hapo ndipo ubao unapovutika na kuvunjika.

Usikubali, nasema usikubali, kuona kitanda kwa mara ya kwanza kikiwa kimeshapigwa vanishi. Steni inaficha weupe na viraka vyote.

#20 Mitwero_Lindi
Na vanishi yenyewe je? Huku wengi wanapiga moja ya kung'aa mbele, nyuma mbao tupu.

#21 Randa_na_Msasa
Ndiyo, na ubao unapinda kwa sababu hiyo: uso mmoja unanyonya unyevu, mwingine umefungwa. Pande zote zipakwe, hata chini ya mbavu, ndani ya kabati na chini ya miguu. Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao. Mkono wa kwanza wa vanishi uongezewe tina kama sehemu 1 kwa 10 uingie ndani, mikono miwili inayofuata iwe kamili, na kati ya mkono na mkono msasa wa 240 kwa wepesi. Ile ya kupuliza inayokauka haraka isipulizwe siku ya mvua au asubuhi yenye umande, itaacha ukungu mweupe ndani ya rangi.

Nakshi za kichwani zipunguze. Kila ua linalochongwa ni siku ya fundi, na hela hiyo inanunua ubavu wa mkongo.

#22 Chuma_Chikongola
Kwa kuwa godoro hujanunua, nenda na mzani wa kupimia mizigo, ule wa ndoano. La 5 kwa 6 inchi 8 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Likiwa na uzito wa kilo 9 sponji yake ni ya kilo 16 kwa mita ya ujazo, itabonyea mapema. Kilo 14 ni sponji ya 25, hiyo ni ya kulalia kila siku. Maneno yaliyoandikwa kwenye kava usiyasome, pima.

#23 Kuchele_Ligula
Nimeelewa. Mpango: mbao naanza kutafuta wiki hii, mbavu na miguu mkongo au mninga wa moyo, chaga paini, kabati la kiunzi na pazia. Godoro nalinunua kwanza nilipime ndipo fundi akate. La mwisho, kitanda kikishafika nyumbani kwa guta kikiwa vipande, bolti nikaze mpaka wapi?

#24 Randa_na_Msasa
Kaza kona zote nne nusu kwanza, panga kitanda mahali kitakapokaa, hakikisha miguu yote minne imegusa sakafu na ule wa katikati umegusa pia, weka kipande cha raba pale panapopwaya. Ndipo umalizie kukaza, kwa spana fupi na nguvu ya mkono mmoja. Ukiona washa inazama kwenye mbao umepitiliza. Rudia baada ya wiki 6, halafu mwezi wa sita mvua zikishaisha, kwa sababu mbao itakuwa imevimba na kurudi. Spana hiyo ifunge kwa kamba nyuma ya kichwa cha kitanda.

#25 Newala_Juu
Na droo za hiyo meza ya pembeni, ukija kuitengeneza: zikitengenezwa wakati wa kiangazi ziachwe nafasi ya milimita 3 juu, masika hazitafunguka zikibanwa.